Poti Yangu Isipewe Mtu Mwingine

Griftu, Jumatatu

Kwako abti, yaani mpwa wangu, Keynan, fundi wa kompyuta, Garissa.

Asalaam aleikum. Mimi mjomba wako Adow nakuletea malalamiko kuhusu kompyuta uliyoniwekea. Barua hii nimempa dereva wa basi, kwa kuwa barua pepe haiendi, na sababu utaiona.

1. Nilipozungumza na binti yangu Ifrah aliyejifungua huko Eldoret, ulinionyesha kwamba mazungumzo yetu yamepewa poti, yaani mlango wenye namba: 51207. Niliipenda namba ile. Kumbe ni ya kuazimwa. Nilipokata tu, mfumo endeshi ukaichukua, ukaikalisha eda kidogo, halafu ukampa Mwalimu Mwende aliyekuja kutuma alama za wanafunzi. Hata kuniuliza haukuniuliza.

2. Nilipompigia Ifrah tena nikapewa namba nyingine kabisa. Sisi wafugaji humchoma ngamia alama ya ukoo angali ndama, hata akipotelea Eldas atarudishwa. Mazungumzo yanayobadilishiwa alama kila siku yatarudishwa na nani?

3. Kwa hiyo nilichukua hatua. Kwenye ule ukuta wa ulinzi ulionifundisha, nimefunga poti zote isipokuwa 51207. Tangu hapo kompyuta imenuna. Namba yangu ipo wazi inaisubiri, yenyewe inang'ang'ania kuchukua nyingine, kisha inalalamika kwamba njia imefungwa. Huo ni ukaidi.

4. Ijumaa ni wanqal, siku ya kumpa mtoto jina, na jina nalitoa mimi. Simu yangu ni mulika mwizi, haionyeshi uso. Kumpa mjukuu jina bila kumwona kunaniuma, abti, sikufichi.

Basi waandikie wanaounda hiyo mifumo endeshi: 51207 iwe yangu hadi kufa, nikifa airithi mjukuu, na itolewe hati kama ya shamba.

Msalimie mama yako Saado, watoto wote, na jirani yenu Lazarus.

Ni mimi mjomba wako, mwenye namba,
Adow, mwenyekiti wa kamati ya kisima.

Tanbihi: Kabla sijaifunga barua nimeitwa kisimani. Yarow amepaka alama ya ukoo wake kwenye hori la kunyweshea, anasema ni lake daima. Mwenyewe hayupo, hori limejaa maji, na ngamia wa watu wamesimama na kiu. Alipofika nikamkemea mbele ya wote: hori ni la anayenywesha sasa, akimaliza anaondoka, anaingia mwingine, ndivyo kisima kinavyotutosha. Alama nimeifuta kwa mkono wangu. Niliporudi nyumbani nikaikuta kompyuta imenyamaza na 51207 yake. Abti, barua hii usimsomee mama yako. Njoo kabla ya Ijumaa unifungulie zote.