Naomba Mnitangazie Kifo Nitoke Bodini

Orrin Thibodeau,
Barabara ya Kinu cha Zamani,
Wexbury, Vermont.

Kwa Mhariri,
Gazeti la Wexbury.

Ndugu Mhariri,

YAH: OMBI LA KUTANGAZIWA KIFO NIKIWA HAI

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi nami ni mzima, na hapo ndipo shida yangu inapoanzia.

Kwa heshima zote, naomba katika toleo lako lijalo uchapishe tangazo la kifo changu. Sihitaji nafasi kubwa. Niweke hata karibu na matangazo ya kuni na paka waliopotea. Picha nimeambatanisha, ile niliyopigwa kwenye harusi ya binti yangu, ambamo naonekana kama mtu aliyekuwa na mambo ya maana ya kufanya duniani.

Usidhani nimerukwa na akili. Nimeuza bima ya maisha katika mji huu mpaka nikastaafu, na kifo si jambo ninalolichezea. Lakini mimi ni katibu wa bodi ya Chama cha Kuhifadhi Maeneo ya Wazi cha Wexbury, bodi ya watu wa kujitolea, na nimechunguza njia zote za kutoka humo. Aliyefanikiwa ni mmoja tu, marehemu Alden Spooner, na hata yeye ametoka nusunusu, kama nitakavyoeleza.

Binti yangu Noelle anaishi Arizona. Amejifungua mtoto wa kike, mjukuu wangu wa kwanza, na chumba changu kimekwisha kupakwa rangi. Kila Jumapili ananipigia: "Baba, unakuja lini? Mtoto ataota meno, yatang'oka, wewe bado uko kwenye kikao!" Namjibu kwamba nikitoka bodini tu, nafunga mizigo. Siku hizi haulizi tena nitakuja lini. Anauliza kama kweli hiyo bodi ipo. Hilo limeniuma, Mhariri, kwa sababu ipo, na hata sasa ninavyoandika imenikalia kooni.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Nilivyochaguliwa. Nilikuwa nikidhani kujitolea ni mtu kunyoosha mkono wake mwenyewe. Kumbe Wexbury kujitolea ni mtu kwenda msalani. Nilihudhuria mkutano mkuu kwa sababu moja, keki ya malenge ya Bi Agnes. Nikala vipande viwili, nikanywa kahawa, nikatoka kidogo. Niliporudi nikakuta ukumbi mzima umesimama unanipigia makofi. "Hongera, Katibu!" wakasema. Hiyo ndiyo desturi yetu: asiyekuwemo chumbani ndiye anayechaguliwa, maana hawezi kukataa. Ndiyo maana kwenye mikutano yetu mikuu utaona watu wazima, wenye heshima zao, wamebana miguu mpaka machozi yanawatoka. Walikuwa wanajua. Hakuna hata mmoja aliyenikonyeza.

2. Uwanda wenyewe. Chama chetu kina mali moja ya maana, nayo ni Uwanda wa Spooner, lile konde la nyasi lililoko juu ya kanisa. Alden aliutoa bure kwa sharti moja tu: ubaki wazi, mtu akisimama barabarani auone mlima. Sasa wewe ni mwenyeji, unajua kwamba ardhi yetu haikai wazi kwa kuombewa dua. Usipoifyeka kila mwaka, misonobari inachungulia, kisha inakaa, kisha inaleta jamaa zake. Kufyeka wote tunakubali. Ugomvi ni lini.

Daktari Kolb, mjumbe mwenzangu aliyekuwa akiwang'oa meno watu wa mji huu na sasa anatazama ndege, anasema kuanzia Mei mpaka Julai haiwezekani, ndege wa kisogo cha njano wana makinda kwenye nyasi. Ni kweli. Bi Winifred, mjumbe mwingine, anasema Agosti na Septemba ni mwiko, vipepeo wake wa rangi ya chungwa wanakula kabla ya kuhamia kusini. Ni kweli pia. Oktoba, Bi Agnes wa keki, naye mjumbe, anasema, wageni wa mjini wanakuja kutazama majani yanavyogeuka rangi, na mashine itawaharibia picha. Novemba ni ya wawindaji wa kulungu, na hakuna anayetaka kupigwa risasi akiwa juu ya trekta. Kisha theluji. Theluji ikiyeyuka, matope. Matope yakikauka, ndege wa Daktari Kolb wamerudi.

Kwa namna hiyo, Mhariri, tumeuhifadhi uwanda mpaka umeanza kuwa msitu. Chama cha maeneo ya wazi kimefuga kichaka. Nilipopita pale majuzi, misonobari ilikuwa imefika usawa wa macho yangu. Nilisimama barabarani, penye ukuta wa mawe wa Alden, nikautafuta mlima, nikauona kwa vipande. Nilihuzunika, sitaficha.

3. Benchi. Baada ya maziko ya Alden tuliweka benchi la kumkumbuka, limeelekea mlimani, na kibao kimeandikwa "Keti Utazame." Ukiketi sasa unatazama msonobari, tena kwa karibu sana, kama mtu aliyeadhibiwa na mwalimu. Nililileta suala hilo bodini nikiamini sasa aibu itatushika. Mwenyekiti wetu, Bi Constance, alinisikiliza kwa upole wake ule unaokutoa jasho, akasema, "Orrin, umefanya vizuri sana kutuambia. Mnaonaje, tuliinue benchi?" Tukajadili kuinua benchi kikao kizima. Daktari Kolb alitaka lipandishwe kimo cha mtu. Bi Agnes akauliza wazee watapandaje. Akapendekeza ngazi. Bi Winifred akauliza ngazi itatengenezwa kwa mbao gani. Mimi, kwa mkono wangu huu, nikaandika yote hayo kwenye kumbukumbu, na kikao kilichofuata tukazisahihisha.

4. Kujiuzulu. Nimejiuzulu mara nyingi kuliko mtu mwingine yeyote jimboni. Tatizo ni akidi. Viti vya bodi ni saba, na maamuzi yanataka watu watano chumbani. Alden amefariki, na Bwana Hollis huhamia Florida kabla theluji haijamgusa kiatu, kwa hiyo msimu wote wa baridi tunabaki watano kamili, nami nikiwemo. Sheria yetu inasema mjumbe anayejadiliwa atoke nje. Basi natoka. Nikitoka wanabaki wanne, akidi inavunjika, na hawawezi kuamua chochote. "Orrin, rudi ndani, bwana!" wananiita. Narudi. Nikirudi akidi inatimia, na sheria inataka nitoke. Nimeingia na kutoka pale mpaka mlango umeanza kulia. Bi Agnes, aliyekuwa akisinzia, aliamka akauliza, "Huyu ana tumbo la kuendesha?" Kabla mtu hajamjibu, Bi Constance aliahirisha kikao.

5. Marehemu Alden. Huyu ndiye anayenitia hofu. Alipofariki bodi ilinyamaza dakika moja kwa heshima. Kisha Bi Constance akauliza, kwa huzuni ya kweli, kama marehemu aliacha neno lolote kuhusu zamu yake ya kuokota takataka njiani. Mpaka leo hakuna aliyeleta hoja ya kuliondoa jina lake. Kwa hiyo kila kikao, kwenye mahudhurio, naandika: "Alden Spooner, ametoa udhuru." Mtu yuko kaburini na bado anaomba ruhusa! Ndiyo maana sitaki kifo cha kimyakimya. Nataka kitangazwe gazetini, kwa herufi nzito, ili asije mtu akaniwekea zamu.

Nimekuandalia maneno ili usipate taabu:

"Orrin Thibodeau wa Wexbury amefariki ghafla kikaoni, wakati wa ajenda ya mengineyo. Ameacha binti mmoja, mjukuu mmoja asiyemjua, na kumbukumbu za kikao zisizoidhinishwa. Hakuna ibada, kwa kuwa ingebidi kwanza kuunda kamati. Badala ya maua, marehemu angefurahi kama mtu yeyote, kwa chombo chochote, angekwenda kufyeka."

Kama utaona ni lazima pawe na jeneza, niko tayari kuazima. Mchungaji nimekwisha kumdokeza. Alisema ni dhambi, kisha akanivuta pembeni akauliza kama njia hiyo ingefaa pia kwa bodi ya kanisa.

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wote, kijana wa usambazaji anayelitupa gazeti langu kichakani, na yule mbwa wenu wa ofisini ambaye hajawahi kuchaguliwa kitu chochote. Mwambie ana bahati.

Ni mimi wako, marehemu mtarajiwa,

Orrin Thibodeau
Katibu (bila kupenda)

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kutumwa, na jana jioni tukawa na kikao. Bwana Hollis amerudi kutoka Florida, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, na kwa kurudi kwake akidi inatimia hata nisipokuwemo. Nikajiuzulu. Nikatoka nje. Nikiwa pale nje ya mlango, kwenye misumari ya makoti, nikasikia kwa masikio yangu wanakubali, wote, bila mjadala. Walipiga hata makofi. Nilikuwa mtu huru, Mhariri. Mkono mmoja ulikuwa umeshaingia kwenye koti.

Ndipo nikamsikia Daktari Kolb: "Sasa kwa kuwa Orrin hayupo wa kutupigia kelele, tuunde kamati ndogo ichunguze suala la kufyeka, ilete taarifa baada ya miaka mitatu." Bwana Hollis akaunga mkono.

Miaka mitatu! Baada ya miaka mitatu hapatakuwa na cha kufyeka, patakuwa pa kupasua mbao. Nikaingia na koti linaning'inia bega moja, nikasema sikubali. Bi Constance akanitazama kwa upole ule ule. "Orrin, mpenzi, wewe si mjumbe tena. Wananchi wanaruhusiwa kusikiliza tu." Nikauliza kuna kiti gani kilicho wazi. Wakasema vipo viwili, cha kwangu na, kwa mara ya kwanza wakikiri, cha Alden. Cha kwangu, nikasema, sikirudii hata kwa bunduki. Nipeni cha Alden.

Wakachanganyikiwa. Haijawahi kutokea Wexbury mtu achaguliwe akiwa chumbani, macho makavu, tena kwa kuomba mwenyewe. Ilibidi Bi Constance atafute kwenye kanuni kama inaruhusiwa. Inaruhusiwa. Nikapigiwa kura, nikaketi pale alipokuwa akiketi rafiki yangu, na nikakataa kunyanyuka mpaka tukaamua: nusu ya uwanda inafyekwa wiki ya kwanza ya Agosti, makinda wakisharuka, na nusu nyingine inabaki kwa vipepeo wa Bi Winifred mpaka mwakani. Tunaanzia upande wa benchi. Daktari Kolb hakupiga kura. Lakini ameahidi kuleta mafuta ya trekta.

Kwa hiyo naomba kifo changu kiahirishwe. Maneno usiyatupe, acha tu nafasi ya tarehe. Noelle nimempigia leo asubuhi nikamweleza. Akasema basi watakuja wao Agosti, yeye na mtoto, maana anataka kuiona hiyo bodi kwa macho yake. Nimemwambia nitamkalisha mjukuu wangu kwenye benchi la Alden, na mlima atauona.

Limebaki jambo dogo. Kiti changu cha ukatibu kilikuwa bado wazi, na wewe, Mhariri, jana jioni hukuwemo chumbani. Njoo na viatu virefu, kupe ni wengi mwaka huu. Tulikupigia makofi sana.