Tandiko la Faraja

Idarusi hakuwa na baiskeli wala hakupenda jasho. Siku aliyoingia jimu ya Sista Praxeda, kule Ngamiani, alikuwa anakimbia mvua tu. Akawakuta wanaume sita wenye vitambi, waliotumwa na madaktari wao kupunguza sukari, wakikanyaga baiskeli zisizokwenda popote. Mmoja wao, Mzee Nehemia, mfanyabiashara wa machungwa kutoka Muheza, aliteremka akitembea kama aliyeazima miguu.

"Na nyinyi huwa mnakufa ganzi?" aliwanong'oneza wenzake. "Huku... kwenye mambo ya ukoo?"

Watano wakatazama sakafu. Idarusi akatazama juu, akamshukuru Mola kwa ile mvua.

Kesho yake alirudi na koti jeupe na cheo cha udaktari.

"Shikamoo, mzee wangu. Hiyo ganzi ni damu kukosa njia. Ukiipuuza mwezi mmoja, mkeo ataanza kukuita kaka."

"Marahaba. Dawa yake?"

Idarusi akatoa kifuko chekundu cha kuvalisha kiti cha baiskeli. Hilo, alisema, ni Tandiko la Faraja, limejazwa ute maalumu kutoka Ujerumani. Kwa hakika lilijazwa sponji ya godoro bovu, likashonwa na fundi cherehani wa barabara ya kumi na mbili. Hadi alasiri viti vyote sita vilikuwa vimevaa nyekundu, na kila mwenye kitambi mjini anauliza daktari anapatikana wapi.

Hakuwahi kufanya biashara salama kama ile. Nani angekwenda polisi kuandikisha malalamiko ya namna hiyo?

Ganzi, lakini, ilizidi. Sponji ilididimia pembeni, ikatuna katikati, ikabana palepale. Mzee Nehemia akajikaza, akamweleza Sista Praxeda, muuguzi mstaafu aliyekwisha kuona kila kitu ambacho binadamu huficha. Sista hakugomba. Alipiga simu.

"Daktari, nina wageni kutoka Pangani, wanataka matandiko mia. Ila wanaomba wakuone mwenyewe ukiendesha, saa nzima bila kunyanyuka."

"Mia? Waambie hata saa mbili naweza!"

Jumamosi wageni walijaa, wote wanawake, wamejifunga khanga viunoni. Idarusi akapanda kwa madaha.

"Kiti kiko juu mno, Daktari. Nikushushie?"

"Kiache, Sista. Mimi mzoefu."

Dakika ya ishirini aliacha kutabasamu. Ya arobaini, mama mmoja akamwuliza faraja ikoje.

"Te... tele," alijibu, macho yamemtoka.

Saa ilipotimia, Sista akafunga mlango. "Sasa nikujulishe. Hawa si wa Pangani. Ni wake wa wateja wako."

Idarusi akaruka ili akimbie. Kuruka aliweza. Kukimbia, miguu ilikataa, akaketi sakafuni kama gunia la nazi. Hapo hapo, simu mkononi, akarudisha pesa za watu, jina baada ya jina.

Sista akawaita waume zao waliokuwa nje. Akashusha kiti, akakilaza sawa, akakivua sponji. "Kila dakika kumi nyanyukeni, msimame kwenye pedali. Mkisikia ganzi, teremkeni. Basi. Hiyo haiuzwi."

Watu walipotawanyika, Idarusi alikuwa bado sakafuni.

"Sista," alisema kwa sauti ndogo, "na mimi je?"

"Wewe lipa ada ya leo. Umetumia baiskeli yangu saa nzima."