Kazi Nimeifuata Arobaini

Alhamisi, 4 Septemba

Miaka saba nyumbani inatosha! Mtoto wa mwisho kaanza shule, mie narudi maabara. Nimempigia Rosalia, niliyekuwa nikipima naye damu zamani. Kanishauri niwaambie watu waziwazi kwamba natafuta kazi. Waziwazi! Mtu mzima nijianike? Koneksheni inataka akili.

Hospitali mpya huku Kimara inatafuta mtu. Mkuu wa maabara anaitwa Rukaiya. Simjui hata sura, ila Jumamosi kwao kuna arobaini ya shangazi yake. Naenda. Mume wangu Faraji kauliza marehemu nilimjulia wapi. Nimemwambia asinitie gundu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nilitinga na gauni la ofisini na viatu virefu. Wakanifunga kanga, wakanipa kisu, nikakalishwa mkekani kumenya vitunguu. Nikaangaza macho nimtafute bosi. Wapi! Wote kanga, wote machozi.

Mama wa pembeni yangu, mcheshi kweli, akauliza nimekuja kwa nani. Nikajibu kwa Rukaiya, shoga yangu toka sekondari. Akataka kujua alikuwaje. Nikaona nikoleze: roho nzuri, ila hesabu zilimpiga chenga, majibu nilikuwa nampa mie. Mama akacheka mpaka akaweka kisu chini.

Mara mpishi akapaza sauti: Rukaiya, vitunguu bado tu?

Akaitika huyohuyo wa pembeni.

Yarabi! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikamtapikia yote: miaka saba, hamu ya kazi yangu, na hofu kwamba mikono imesahau. Nikalia kama mfiwa. Akanishika bega, akasema Jumatatu niende na vyeti, atanijaribu. Hakuahidi kitu. Ila wali akanipakulia mwenyewe, Mungu ambariki.

Jumatatu, 8 Septemba

Sampuli tano, mbele ya macho yake. Mikono haijasahau! Rukaiya kasema naanza wiki ijayo, ila uongo basi. Nikaapa kwa Mungu, tena kwa moyo mmoja.

Kisha akaniachia fomu nijaze. Imeandikwa: taja wadhamini watatu wanaokufahamu kwa miaka mitano au zaidi. Wa kwanza nikamwandika Rukaiya. Tumejuana juzi, sawa, lakini miaka mitano si itafika tu?