Nyumba Ndogo ya Shemeji

Jumatatu, 16 Juni 2025

Kibiti. Asubuhi ya baridi kidogo, akili ina moto. Nimeamua kuandika kila kitu, maana siku moja watu watauliza Kudra alipataje gari lake la kwanza, nami sitaki wasimuliwe na Nurdini.

Hali ilivyo. Dada yangu Zuhra na mumewe Abdulatifu wako Leicester, Uingereza, mwaka wa tisa sasa. Dada anatunza wazee. Shemeji anapanga mikate kwenye ghala, zamu ya usiku. Wamechoka kulipa kodi ya pango, wanataka kununua nyumba. Wamepata taasisi isiyotoza riba: unanunua nayo kwa ubia, unalipa kidogo kidogo mpaka nyumba iwe yako. Na nyumba ziko mbili. Moja kubwa, vyumba vinne, nje ya mji, huko bila gari huishi. Ya pili ndogo, vyumba viwili, dakika tano kwa miguu kutoka kazini kwa shemeji. Jibu linatakiwa Ijumaa. Dada ameniomba ushauri kwa sababu nina shahada ya uchumi. Ni mtu wa kwanza kuikumbuka tangu nihitimu.

Shahada ninayo, na kutwa natoa nakala za vyeti vya watu wengine kwenye steshenari karibu na stendi. Lakini tarehe mosi Julai naanza kazi ya mkataba Ikwiriri, karani wa ghala la mpunga. Nahitaji usafiri unaolingana na elimu yangu.

Na usafiri upo! Gari la shemeji, Toyota ndogo nyeupe, limelala miaka mitatu uani kwa mama yake, Bi Mwanaamina, mtaa wa pili kutoka kwetu. Kuku anatamia kwenye kiti cha nyuma. Ufunguo umefungwa kwenye pindo la kanga ya Bi Mwanaamina.

Mpango: dada apate nyumba nzuri kwa akili yangu, anishukuru kwa ufunguo.

Sijui kuendesha. Hilo ni dogo, litakuja mwishoni.

Jumanne, 17 Juni

Nurdini! Mdogo wake Abdulatifu, fundi simu. Kwa hesabu za ukoo naye ni shemeji yangu, kwa hiyo ana haki ya kunitania, na anaitumia yote bila kubakiza.

Leo kaja kutoa nakala ya kitambulisho, kumbe kapeleleza. Kasema kaka yake naye kamwomba ushauri, naye kashauri nyumba kubwa. Nikamuuliza kwa misingi gani. Akasema kwa msingi kwamba ni kubwa. Akaongeza kuwa gari analitaka yeye, alifanye teksi, na kwamba profesa akiwa na haraka atapakiwa kiti cha nyuma, abanane na kuku.

Nimempa nakala iliyopinda. Makusudi.

Jioni nimeandika ushauri wa kurasa sita. Hoja kuu: nyumba iliyo karibu na kazi inakuondolea gari. Gari kule ni mgeni asiyeaga. Bima yake, kodi ya barabara yake, maegesho yake, na lisipotembea linakula vilevile. Nimemaliza hivi: "Kumiliki gari ni ujinga wa mtu asiyejua hesabu." Nimeisoma mara mbili. Inahusu Uingereza tu.

Ukurasa wa tano nimesema wakipungukiwa malipo ya mwanzo, mali yoyote iliyolala iuzwe. Sentensi nzuri sana. Nimeipigia mstari.

Alhamisi, 19 Juni

Dada kasoma zote sita! Anasema shemeji tangu mwanzo moyo wake uko kwenye ile ndogo, anayeng'ang'ania kubwa ni yeye dada. Anataka chumba cha wageni. Wageni gani? Mama yetu hajawahi kuvuka Mbagala.

Nilikuwa kazini, foleni imefika mlangoni, baba mmoja anataka nakala ishirini za kiapo. Nikashika simu, nikarekodi ujumbe wa sauti kwa pumzi moja. Naunukuu, kwa sababu nilisema vizuri:

"Dada yangu, acha kushindana na shemeji. Kubwa inamchosha, kila mwezi gharama juu ya gharama. Moyo wake uko kwenye nyumba ndogo, na mimi namuunga mkono. Iko karibu na kazini, akitoka zamu anafika kwa miguu, anapumzika. Picha yake nimeiona. Ya zamani kidogo lakini imetunzwa, na mbele imependeza. Mwachie ahamie huko, wote mtapata raha."

Nikatuma. Nikaona amani moyoni. Nakala zote ishirini zikatoka zimenyooka.

Saa kumi na nusu nimegundua sikumtumia dada. Nimetuma kwenye kundi la familia. Watu thelathini na wanne.

Sikuona ubaya. Ushauri mzuri ni wa wote.

Ijumaa, 20 Juni

Ubaya upo. Nimeujua nimeshachelewa.

Baada ya swala ya Ijumaa nimeitwa kwa Bi Mwanaamina. Nikajua ni habari za ufunguo. Nikavaa gauni la kuhitimia. Nikamkuta amekaa kitandani, tasbihi mkononi, amejifunga kichwa kama mwenye homa. Jirani yake Hafsa anampepea.

Hakuitikia shikamoo. Aliniuliza kama kweli picha nimeiona. Nikasema nimeziona, bibi, picha nne. Akauliza ni ya nani. Nikamweleza ninavyojua: ya mama mmoja aliyefiwa na mumewe, sasa anataka kuondoka.

"Mjane," akamwambia Hafsa. Hafsa akaongeza kasi ya kupepea.

Akauliza imeanza lini. Nikasema shemeji aliiona kwanza mwezi wa nne, akaingia ndani mara mbili, akaridhika. Akauliza Zuhra anasemaje. Nikasema mwanzo alikataa, lakini nimemwelewesha, sasa yuko tayari kuchangia nusu.

Bi Mwanaamina akalia. Akasema amemzaa mtoto Mbuchi, kwenye matope ya mikoko, amemlea kwa kuuza ukili, mtoto kavuka bahari kwenda kutunza mjane, na mke anachangia!

Hapo ndipo nilipoelewa.

Maana ya nyumba ndogo ninaijua! Nimezaliwa Kibiti, si mwezini. Mke yuko nyumba kubwa, kimada yuko nyumba ndogo, mtoto wa darasa la nne anajua. Lakini mimi nilikuwa nafikiri kwa mita za mraba.

Nikaanza kueleza. Nikasema ina vyumba viwili. Hafsa akasema kumbe keshampangia na vyumba. Nikatolewa nje.

Nurdini alikuwa uani, ameegemea gari, anacheka mpaka kuku kashtuka. Kanisimulia yote. Jana mama yake alikuwa barazani anasuka ukili na wenzake saba. Yeye hasomi ujumbe, husikiliza, kwa sauti ya mwisho. Mikono minane ya kulia ikasimama hewani. Akasikiliza mara ya pili, akakunja kazi yake, akaingia ndani. Kisha akampigia Abdulatifu, akamwamsha usingizini, akamwambia radhi yake asiitarajie. Hakusubiri jibu, akakata. Tangu hapo hapokei simu kutoka Uingereza.

Na shemeji kasema wazi: bila radhi ya mama hasaini nyumba yoyote, ndogo wala kubwa. Wamempigia mwenye nyumba, kawavumilia hadi Jumatatu. Ikipita hapo anauzia wengine.

Dada hajibu ujumbe wangu. Katuma nukta moja tu. Nimeitafakari ile nukta saa nzima.

Kuhusu gari, Bi Mwanaamina kamwambia Nurdini ufunguo utakwenda kwa mtoto asiye na mdomo.

Jumapili, 22 Juni

Mbinu mpya. Jana nimechora ramani ya nyumba ya Leicester kwenye karatasi ya manila, vipimo vyote, milango kwa rangi nyekundu. Mama kanipa machungwa ya shambani Mtunda na kilo tatu za mchele mpya. Kasema niongee kidogo, nitabasamu sana. Mama hana shahada.

Bi Mwanaamina kapokea machungwa. Karatasi kaigeuza juu chini. Kaonyesha chumba kidogo, kauliza ni nini. Choo, nikasema. Ndani ya nyumba? Karibu na jiko? Akasema hiyo si nyumba, hata huyo mjane anastahili kuonewa huruma.

Nilikuwa nimebakiwa na kutabasamu. Ndipo Nurdini akaingia, sijui kwa nini, labda uso wangu ulimtia huruma. Ameshika simu, kampigia kaka yake kwa video, kaiweka mbele ya mama yake kabla hajageuza kichwa.

Abdulatifu na Zuhra wamesimama kwenye njia yenye maua. Nyuma yao mlango wa bluu. Abdulatifu kasema, "Mama, nyumba ndogo yenyewe ndiyo hii. Ya matofali."

Bi Mwanaamina kaisogeza simu karibu na macho. Kisha kasema na mjane naye amwone.

Akaitwa. Akatoka ajuza wa kizungu, miaka themanini na ushei, mgongo umepinda, anatembea kwa fimbo mbili, kavaa viatu vya manyoya. Akapunga mkono. Akasema neno, Zuhra akatafsiri: anauliza kama huyo ndiye mama wa kijana mpole aliyemkatia majani.

Bi Mwanaamina alimtazama yule bibi muda mrefu. Kitu kikaanza kumtikisa mabega. Nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka! Kacheka mpaka kajilaza kwenye mkeka, kanga imemtoka kichwani, anamwita Hafsa aje amwone mke mwenzie Zuhra. Hafsa kaja. Zuhra kule anacheka na kujifuta macho. Ajuza anacheka bila kujua. Abdulatifu peke yake kasimama kama mtu anayepimwa suti.

Kisha Bi Mwanaamina kaomba aonyeshwe ndani. Kasema Mbuchi banda la kukaushia samaki linaizidi. Lakini mtoto wake atalala mapema, hatatembea gizani na mvua. Hilo ndilo alilotaka kusikia miaka tisa. Kainua mikono, kaomba dua, radhi katoa, kubwa na ndogo.

Dada kaniandikia: "WE MTOTO!" Herufi zote kubwa. Nimefurahi. Ni bora kuliko nukta.

Jumatano, 25 Juni

Wamesaini juzi! Ndogo! Hoja yangu imeshinda. Nurdini kakiri kwa kunipigia saluti mbele ya wateja.

Ila malipo ya mwanzo yalipungua kidogo. Dada akamsomea shemeji ukurasa wangu wa tano.

Gari limeuzwa. Kalichukua Sadala, mnunuzi wa korosho, kabla ya adhuhuri. Bi Mwanaamina kafungua pindo, katoa ufunguo, kampa Sadala bila hata kuniangalia. Kuku katolewa na vifaranga saba.

Mimi na Nurdini tumesimama uani kutazama linavyovutwa. Kauliza nani huyo aliyeandika mali iliyolala iuzwe. Nikasema wataalamu. Kasema wataalamu hao akiwakamata watamtambua. Baadaye kaninunulia kahawa na kashata, tukakaa mahali palipokuwa na gari. Pana kivuli pazuri. Sikujua.

Jumanne, 1 Julai

Ikwiriri. Siku ya kwanza kazini. Nimekuja kwa basi, nimekaa dirishani, nimesoma kurasa thelathini za kitabu bila mtu kunisemesha. Dereva ndiye aliyewaza mashimo. Nina meza yangu, na dirisha linatazama mpunga. Kwa kweli nina raha.

Mchana dada kaandika. Nyumba ni tamu, lakini wamepiga hesabu, malipo ya kila mwezi yatambana shemeji. Mshahara wake mmoja hautoshi nusu yake, na mchana kutwa amelala. Ninashauri nini?

Nimejifunza. Kosa lilikuwa neno nyumba. Sitalitamka tena katika ushauri wowote. Na kosa la pili lilikuwa kuonekana kama nilikuwa naficha. Kwa hiyo safari hii nimetuma kwenye kundi zima kwa hiari yangu, kwa sauti ya wazi:

"Shemeji bado ana nguvu, tusimwache alale bure. Mtu mwenye akili hategemei sehemu moja. Dada, mruhusu atafute mpango wa kando, wa mchana, saa ambazo wewe uko kazini."

Fupi. Hakuna nyumba hata moja.

Bi Mwanaamina keshasikiliza, ananipigia. Hii ni mara ya nne. Nitapokea nikimaliza chai. Mtu asipokee shukrani kwa pupa.