Kibubu cha Kukomboa Cherehani

Jumapili, 17 Agosti
Wiki ya saba ndani ya nyumba yetu. Yetu! Hati iko kabatini, jina langu juu, la mke wangu chini. Viti hamna. Tunakula tumekalia ndoo zilizofudikizwa. Akiba yote imemezwa na nyumba, na tulipopungukiwa mwishoni mke wangu akaweka rehani cherehani yake kwa mwenye duka la vitambaa. Mwisho wa kuikomboa ni Jumamosi, tarehe 30. Ikipita, jamaa anaiuza.

Mke wangu kapigilia kibubu cha mbao, misumari pande zote, hakifunguki ila kwa nyundo. Juu kaandika kwa chaki: haba na haba. Eti noti tupu, si sarafu, tano au sita kila jioni, na mtu asikiguse mpaka siku yenyewe. Huyo “mtu” ni mimi. Sikupenda alivyonitazama.

Jumatatu, 18 Agosti
Shemeji kaja kuona nyumba. Kaka wa mke wangu, kinyozi. Kapanga chumba kimoja mwaka wa kumi na moja huu, na ana akiba! Kauliza kama lile doa la darini ni uvujaji au ni urembo. Nikamwambia mpangaji hawezi kuelewa mambo ya wenye nyumba. Akacheka. Kisha akatumbukiza noti kibubuni, mbele ya macho yangu. Dharau tupu.

Jumatano, 20 Agosti
Bahati! Ghalani kwetu, ninakohesabu vifaa vya ujenzi, wanauza makopo ishirini ya rangi yaliyobonyea. Nusu bei! Mtaa wetu wote ni nyumba mpya, kuta bado za saruji. Nani hataki rangi? Nikiyamaliza, cherehani inarudi na viti tunanunua. Tatizo mtaji. Mimi sina. Kibubu kinao.

Si wizi. Ni kuzungusha hela.

Alhamisi, 21 Agosti
Mke wangu katoka kupeleka nguo za wateja. Nikachukua waya, ncha nikaibandika bigijii niliyoitafuna, nikavua noti moja moja kupitia tundu la juu. Ishirini na nne! Bandu bandu huisha gogo. Kibubu kikawa chepesi mno, nikatia washa, vile vyuma vya duara vyenye tundu katikati. Thelathini na sita, mali ya ghala. Nikakipima mkononi. Uzito uleule. Akili ni mali jamani.

Ijumaa, 22 Agosti
Nimefungua kopo la kwanza. Zambarau. La pili, zambarau. Yote ishirini, zambarau!

Hata hivyo majirani wameipenda. Wa kushoto anataka makopo matatu, wa mbele manne. Wote kwa mkopo. Mtaa mzima umenunua nyumba, mtaa mzima hauna hela. Mbona hakuna aliyeniambia?

Jumapili, 24 Agosti
Mke wangu anashona kwa mkono sasa. Pindo, vifungo, viraka. Vidole vitatu vina plasta. Leo kabla ya kutia noti alikitikisa kibubu, akatega sikio, akakitikisa tena. Akaniuliza kazi ghalani inaendeleaje. Nikasema vizuri sana. Niliona aibu, sisemi uongo. Ilinikaa kifuani mpaka chai ilipoiva.

Jumanne, 26 Agosti
Shemeji tena! Eti kasikia nina rangi. Eti atachukua makopo yote kwa bei niliyonunulia, taslimu, kwa ajili ya kibanda chake cha kunyolea. Makopo ishirini kwa kibanda cha hatua nne? Anataka kunionea huruma. Nikamwambia mali yangu haiuzwi kwa hasara ya heshima. Akasema nifikirie, siku ni nne tu zimebaki. Nikamsindikiza mpaka mlangoni. Mlango wangu.

Alhamisi, 28 Agosti
Hakuna aliyelipa. Maji yamefika shingoni. Nikakirudia kibubu kwa waya wangu, nivue chochote kilichosalia ninunue brashi, labda rangi itauzika pamoja na brashi. Nikavua karatasi. Nikavua tena, karatasi! Ile ya kukatia mitindo ya nguo, imekatwa saizi ya noti.

Kuna mwizi ndani ya nyumba hii! Mtu anadiriki vipi kuchezea jasho la familia? Na nitasema nini bila kueleza mkono wangu ulitafuta nini humo? Roho imeniuma siku nzima.

Jumamosi, 30 Agosti
Mke wangu kaleta nyundo. Shemeji kaketi kwenye ndoo yangu. Pigo moja, washa zikamwagika sakafuni, noti chache, na vikaratasi juu yake. Akazihesabu washa zote. Akasema, “Noti hazilii, mume wangu; niliposikia kibubu kinalia nilijua.” Tangu siku ile hela zake alikuwa anaziweka kwa kaka yake. Na Jumanne ni yeye aliyemtuma, nipate njia ya kurudisha bila kuulizwa. Pengo la noti nilizovua kaka yake ndiye aliyeliziba.

Cherehani ilikombolewa jana. Iko kibandani kwa kinyozi, na huko ndiko itakakokaa. Nikauliza kwa nini isije kwake nyumbani. Akachukua mkasi wake, sanduku la nyuzi na mto mmoja, wakaondoka.

Jumapili, 31 Agosti
Nimekalia ndoo, nyingine haina wa kuikalia. Aliniachia pale dirishani, palipopaswa kuwekwa cherehani, nafasi tupu ya hatua mbili. Nimeipima. Makopo ishirini yanaenea vizuri kabisa.

Misumari ya kibubu nimeinyoosha yote, na mbao si mbovu. Nimekipigilia upya, akirudi akikute. Na nimeandika juu kwa chaki, haba na haba.

Safari hii chini nimeweka bawaba. Kwa dharura tu.