Miche Mia Tatu Isiyo na Mizizi

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, mtu aliyevaa koti la suti alikuwa juu ya ngazi, akikata ua wa nyumba isiyokaliwa kwa mkasi wa fundi cherehani.

Koti lilikuwa lake. Mkasi ulikuwa wa dada yake, na ngazi aliikuta nyuma ya nyumba. Ua ulikuwa wa miti ya mapambo isiyopukutisha majani, nao ulikuwa umeachwa hadi ukaziba madirisha. Mtaani walimwita Mtaalamu, ingawa hakuna aliyekumbuka utaalamu wenyewe ni wa nini. Alikuwa amepita hapo siku moja kabla, akaona mali imesimama bila mwenyewe.

Saa mbili alikuwa mbele ya posta na makopo ishirini. Kila kopo lilikuwa na mchanga mbichi na kijiti kimoja cha kijani.

"Huu unaitwa Kijani Daima," alimwambia karani aliyesimama. "Mti huu hauna likizo, dada. Kiangazi kijani, masika kijani."

"Mizizi yake ikoje?"

"Mizizi ni kama siri ya ndoa. Ukiichungulia, umeiharibu. Siku arobaini usiung'oe, usiutikise. Mwagilia tu."

Ukweli ni kwamba kijiti cha mti huo, chenye majani mazito, kikichomekwa kwenye mchanga wenye maji hubaki kijani wiki mbili au tatu bila mzizi wowote. Kwa hiyo karani angekimwagilia kijiti chake kwa uaminifu, na siku ambayo kingekauka angejilaumu mwenyewe. Mtaalamu aliuona huo kuwa utaratibu wenye heshima kwa pande zote.

Jumanne jioni dada yake alitandika kitambaa cha sare mezani, akakata. Mkasi ulikitafuna.

"Umekata nini na mkasi wangu? Mabati?"

"Maua, dada."

"Jumamosi, saa sita mchana, nataka mkasi mpya juu ya meza hii. Mkasi usipoingia, godoro lako linatoka."

"Dada, damu ni nzito kuliko maji."

"Ndiyo maana nimekupa hadi Jumamosi. Maji ningeyamwaga leo."

Jumatano akaja mteja wa kumwokoa: mwalimu mstaafu wa kilimo, miwani shingoni, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Aliinama, akatazama makopo moja moja. Kwenye la tatu alikawia. Majani yake yalikuwa na ukingo mweupe. "Huu umeutoa wapi?"

"Shambani kwangu, mama. Ekari mbili."

"Hongera. Nitauchukua. Na nina oda, kama utaiweza. Nataka mia tatu."

Mtaalamu alianza kuhesabu kwa vidole.

"Ila sitaki makopo. Niletee kwenye magunia. Na mizizi usijisumbue."

Hapo mtu mwenye akili timamu angeuliza swali. Mtaalamu alikuwa na akili timamu, lakini wakati huo ilikuwa dukani ikichagua mkasi.

"Halafu ukataji una kanuni," mwalimu aliendelea. "Juu kata usawa mmoja, kimo cha kifua. Ubavuni punguza juu zaidi kuliko chini, ili matawi ya chini yapate jua. Usipofanya hivyo, chini panabaki uchi. Na wenye ukingo mweupe usiuguse tena."

"Kwa nini, mama?"

"Nina sababu zangu. Jumamosi saa nne nitatuma mkokoteni kwako. Malipo utayapata pale pale mzigo utakaposhushwa."

Alhamisi na Ijumaa Mtaalamu alifanya kazi kuliko alivyowahi kufanya maishani. Alifunga kamba kutoka kona hadi kona ili usawa usipinde. Viganja vilitoka malengelenge. Aliuruka mti wenye ukingo mweupe kando ya lango, kwa sababu mteja ni mfalme.

Jumamosi saa nne kamili mkokoteni ulifika. Mtaalamu aliufuata nyuma akipiga mluzi. Kwenye kona ya kwanza alifurahi kwamba njia anaijua. Kwenye kona ya pili mluzi ulikatika.

"Kaka, una hakika na njia?"

"Nyumba yenye ua uliokatwa vizuri," msukuma mkokoteni alijibu. "Ndivyo nilivyoelekezwa."

Mwalimu alikuwa kwenye lango la nyumba ile ile, na mume na mke waliokuja kuangalia nyumba ya kupanga. Wapangaji wawili kabla yao walikuwa wamechungulia giza la ndani na kuondoka. Hawa walisimama sebuleni penye jua, wakauliza wanaweza kuhamia lini.

Walipokwisha kuweka saini, mwalimu alimgeukia Mtaalamu.

"Ua huu niliupanda mwenyewe miaka ishirini iliyopita. Huo mweupe ulijigeuza wenyewe, sijauona mwingine mji huu. Sasa niambie, nikulipe kwa kuniuzia matawi yangu?"

Mtaalamu alitazama magunia. "Mama, mimi ni kama mwanao."

"Ndiyo maana sijakupeleka kituoni. Upande wa nyuma bado. Ngazi iko pale pale ulipoiacha."

Alikata upande wa nyuma kwa kamba na kwa usawa. Saa tano na dakika arobaini alimaliza. Mwalimu alikagua, akaridhika, akamrudishia lile kopo la Jumatano, lenye mti wa ukingo mweupe.

"Matawi ya magunia nitayapanda ipasavyo. Machache yatashika, yanayobaki ni mbolea. Hili chukua, umelifanyia kazi."

Saa sita na dakika tano Mtaalamu aliweka kopo juu ya meza ya dada yake.

"Kijani Daima," alisema. "Mti wa nadra sana. Siku arobaini usiung'oe."

Dada yake aliushika, akaung'oa, akautazama upande wa chini. Akaurudisha kwenye mchanga. Kisha akalibeba kopo hadi nje, akaliweka mlangoni, juu ya godoro.