Mstari wa Paja la Kulia

Jumatatu, 9 Juni
Kaka yangu Kamande tunamzika Jumamosi. Wabebaji wa jeneza ni sita. Mimi ndiye ndugu wa pekee aliyebaki, kwa hivyo nafasi ya mbele ni yangu. Nani atabisha? Mke wangu Wawira! Anasema goti langu la kulia limelika na haliwezi kubeba hata mtungi wa maji. Eti nitabeba tu nikiruhusiwa na Jepleting, fizio wangu, yule anayenifanyisha mazoezi ya viungo kliniki hapa Kiamunyi. Hukumu nzima aliitoa akikata sukuma wiki.

Jumanne, 10 Juni
Kliniki. Jepleting amenibandika vibandiko viwili vyenye nyaya pajani, juu ya goti. Nikibana misuli, mstari unapanda kwenye skrini. Nikilegeza, unashuka. Anasema paja likipata nguvu, goti linapunguziwa mzigo, na mashine inanionyesha tu kama paja linafanya kazi kweli. Wiki ya tano sasa. Lengo ni mstari ufike sitini. Leo nimebana hadi meno yakauma. Ishirini na mbili! Mazoezi ya nyumbani, yale ya kukandamiza taulo kwa goti, sijafanya. Taulo ni la kuogea.

Kitanda cha pili: binamu yangu Peterson, goti bovu kama langu. Arobaini na moja. Jepleting akampigia makofi! Nikamuuliza Peterson kama anamezea mate nafasi yangu ya mbele. Akasema hapana, atafuata jeneza na mkongojo wake, Kamande hatakasirika. Unafiki mtupu.

Nimeomba ruhusa. Jepleting amesema nikifika sitini Alhamisi, tutaongea. Nisipofika, nisithubutu.

Alhamisi, 12 Juni
Ushindi! Jepleting alinibandika, akanifunika shuka, akaenda kumwona mama mmoja aliyevunjika nyonga. Chini ya shuka nikahamisha vibandiko hadi paja la kushoto, lile zima. Nikabana. Sabini na nne!

Akarudi, akatazama skrini, akanitazama mimi. "Mzee, umefanya nini?" Nikamwambia ni maombi na taulo. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Ikapita. Ameandika kwenye kadi kwamba naweza kubeba hatua chache, polepole, na niachie mwingine goti likianza kutetemeka.

Peterson aliona kila kitu. Akasema tu, "Jamleck, hiyo mashine haitakusaidia kubeba." Wivu.

Ijumaa, 13 Juni
Wawira ameisoma kadi mara tatu. Kisha akapiga suti yangu pasi.

Nimejaribu ngazi za mlangoni. Goti limelia kama bawaba kavu. Nimemeza dawa ya maumivu.

Nilipokuwa kijana nilianguka kwenye machimbo ya udongo mweupe kule Kariandusi. Kamande alinibeba mgongoni hadi barabarani, sote weupe kwa vumbi kama tumetoka kinuni. Hakupumzika hata mara moja. Sikuwahi kumrudishia. Kesho namrudishia.

Jumamosi, 14 Juni
Mvua ilikuwa imenyesha. Kutoka hema hadi kaburi ni mwendo mfupi tu. Goti lilianza kutetemeka mapema. Sikuachia. Nani huachia watu wote wakitazama?

Likakunjika. Nikaanguka, jeneza likainama upande wangu, pembe yake ikagonga rundo la udongo na kifuniko kikapasuka. Tulimsikia Kamande akiteleza ndani.

Joan, mjane wake, akaja akasimama juu yangu pale matopeni. "Hata leo, Jamleck?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Peterson akatupa mkongojo, akashika nafasi yangu. Alichechemea, lakini alifika. Mimi niliinuliwa baada ya maombi.

Jumatatu, 16 Juni
Goti limevimba kama boga. Jepleting amebandika na hakuondoka kando yangu. Paja la kulia: kumi na tisa. Akatazama paja la kushoto. Akalibandika pia. Sabini na tatu.

Akatoa vibandiko kimoja kimoja. "Mzee, ile kadi niliiandika mimi." Basi. Nilitaka agombe. Baadaye akasema tunaanza upya, na kwamba goti likikataa kutulia atanituma kwa daktari wa upasuaji.

Wawira haketi nami mezani tangu mazishi. Analeta chakula, anaweka, anaenda.

Jumatano, 18 Juni
Nimefikiria sana. Makosa nimeyaona. Kwanza mashine: kifaa cha maana kingejua mguu upi ni upi. Pili mvua. Tatu aliyesimamisha hema mbali na kaburi.

Joan ametuma ujumbe kwamba nisije Jumapili familia ikienda kuweka maua. Nipumzike, anasema. Nitakwenda. Nitatembea mwenyewe hadi mbele yake na kumwomba msamaha nikiwa nimesimama wima, na kadi mpya mkononi.

Kesho Jepleting ananipima kwa kiti: niketi na kuinuka mara nyingi niwezavyo kwa nusu dakika. Nimechunguza. Kiti kikiwa juu, kuinuka ni rahisi. Mto wa sofa unaingia vizuri chini ya koti, nyuma, pale pa kukalia. Nimejaribu mbele ya kioo.

Hauonekani kabisa.